Aliyeweka Shavu Kwanza

Lumemo,
Ifakara.
22 Juni 2025

Mdogo wangu mpendwa Dorotea,

Nakusalimu kwa upendo, na kupitia kwako nawasalimu wote wa nyumbani kwako huko Uchindile. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba kifua kilichokuwa kikikubana tangu baridi ianze kimepata nafuu. Usiache kuvaa sweta hata jua likiwaka. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Aurelia yuko uani anaanika mpunga, na ameniagiza nikuarifu kwamba yale maharage uliyotuletea yameiva kwa kuni chache, tofauti na haya ya sokoni. Mimi goti langu la kushoto linauma nikipanda ngazi, lakini kwa kuwa nyumba yangu haina ngazi, silalamiki.

Barua yako niliipokea Jumapili iliyopita kutoka mkononi mwa jirani yako Febronia, aliyeshuka na treni kuja kumwuguza mama yake. Anarudi huko Jumatano, naye ndiye atakayekuletea hii. Ningeweza kukupigia simu siku ambazo mtandao wenu unakamata, lakini sikutaka. Kwenye simu ungenikatiza kwa kuniuliza hili na lile, nami ningepata nafasi ya kujibu yale tu uliyouliza. Jambo hili linahitaji kuelezwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nakuomba uisome yote kabla hujamwambia mtu neno lolote.

Ni habari ya bunduki iliyomwumiza mwanao Evod. Najua umeisikia vipande vipande, na vingine vimetoka kwangu mwenyewe. Sasa naipanga upya.

Msimu wa mwaka jana mashamba ya chama chetu cha wakulima wa mpunga, yale ya bondeni karibu na mto, yaliliwa na nguruwe pori na kukanyagwa na viboko kiasi kwamba wapo wanachama waliovuna gunia moja katika ekari nzima. Balbina, mweka hazina wetu, alisimama kwenye mkutano wa Januari akasema kwamba mwaka jana yeye alikuwa kibarua wa nguruwe: alilima yeye, akapalilia yeye, wakala wao, na wakaondoka bila hata kuaga. Watu walicheka, lakini hakuna aliyepinga. Evod, ambaye alikuwa akitulindia mashamba kwa msimu wa pili, alikuwa na debe la kupiga na tochi. Alipopewa nafasi ya kusema, alieleza kwamba nguruwe wamelizoea debe, na siku hizi wakilisikia wanajua kwamba mpunga umeshatoa masuke, wanakuja mbio.

Basi tukakubaliana kutafuta bunduki. Viboko wana wenyewe, nao ni askari wa wanyamapori. Hilo lilielezwa wazi. Bunduki ingekuwa ya nguruwe tu, na mlio wake ungewasogeza hao wengine. Evod alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, anajua silaha, na polisi hana doa lolote, kwa hiyo yeye ndiye aliyependekezwa kuwa mtumiaji. Kamati ya watu watatu iliundwa kuchunguza ni bunduki ya namna gani inatufaa. Wajumbe walikuwa Balbina; Haidari, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, ambaye ana ekari sita katika chama; na mimi, nikiwa katibu.

Haidari hakuzunguka. Alisema tununue mpya, ya kiwandani, kwa muuzaji mwenye leseni Dar es Salaam, inayotoka ndani ya boksi ikiwa na karatasi zake, na ikileta tabu una mtu wa kumrudia. Nilipomwambia kwamba bei yake ingewabana wanachama wadogo kwa misimu miwili, alinitazama kuanzia viatuni hadi kwenye kola. “Mwalimu wangu,” aliniambia, “hiyo suruali yako ni ya mtumba, wala sikulaumu. Ukiinama mshono ukaachia, aibu iko nyuma, unaifunika kwa mkono unakwenda zako. Bunduki mshono wake uko mbele ya jicho.” Balbina alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliandika katika kumbukumbu kwamba mjumbe amependekeza ununuzi wa silaha mpya.

Pendekezo la pili lilikuwa la Balbina mwenyewe. Alisema kwa nini tuhangaike na mabasi wakati Limbu yuko Mkula. Limbu ni Msukuma aliyeingia bonde hili na ng'ombe wa baba yake miaka thelathini iliyopita. Ng'ombe walipokwisha, akabaki na kazi ya babu yake ya kufua chuma. Siku hizi anatengeneza mapanga na majembe ya kukokotwa, lakini zamani magobore mengi yaliyokuwa na vibali katika vijiji vya barabarani yalitoka kwenye banda lake. Tulikwenda watatu kumwona. Alisema yuko tayari kutuundia moja, ilimradi tumletee kwanza karatasi ya polisi, kwa sababu hana hamu ya kulala rumande kwa ajili ya nguruwe wa watu.

Nilimwuliza ni nani anayekagua ubora wa kazi zake. Alisema ni yeye. Katika ukoo wao gobore halitoki bandani kabla mhunzi mwenyewe hajaliwekea shavu. Siku hiyo mke na watoto hupelekwa kwa jirani. Mnunuzi husimama pembeni. Mhunzi hushindilia baruti, hulaza shavu lake juu ya kitako, na kufyatua. Kulifunga kwenye gogo na kuvuta kamba ukiwa mbali hakuruhusiwi. Anayefanya hivyo anatangaza kwamba haiamini kazi yake, na hakuna atakayenunua. Akishafyatua, humkabidhi mnunuzi likiwa bado la moto. Baba yake alipoteza meno mawili kwa utaratibu huo, na gobore lile likavunjwa siku hiyo hiyo likafuliwa kuwa nyundo. “Karatasi sina, Mwalimu,” alisema, akajipiga kidole shavuni. “Hili ninalo.”

Haidari alimwambia kwamba tunafikiria pia bunduki ya kukarabatiwa huko Morogoro. Limbu aliuliza swali moja tu: huko Morogoro nani anaweka shavu? Nilimjibu kwamba huko hakuna mambo ya mashavu, kuna cheti. Alisema sawa, akarudi kwenye mvukuto wake.

Hiyo ya Morogoro ndiyo iliyokuwa njia ya tatu, na ilikuwa yangu. Fundi mmoja mwenye karakana huko alikuwa na bunduki ya zamani iliyotoka ng'ambo enzi za wakoloni. Mwili wake ulikuwa wa chuma cha siku zile, kizito na safi. Yeye alikuwa ameifungia mtutu mpya na kuichongea kitako kipya cha mninga. Bei yake haikufika nusu ya bei ya mpya. Niliandika ripoti ya kurasa nane, nikazilinganisha njia zote tatu, nikapiga mistari kwa rula. Gobore nililipa aya moja, na ndani yake nilitumia maneno “ufundi duni”. Balbina alinisikiliza hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri hata nguruwe wangeielewa, ila yeye hajasikia ni ukurasa gani unaosema kama bunduki yenyewe inapiga. Nilimwambia kwamba hilo litathibitishwa kwa cheti cha majaribio, ambacho kwa kanuni tulizojiwekea hakuna silaha ingepokewa bila hicho. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Mkutano mkuu ulikubali pendekezo langu kwa kura nyingi. Haidari alinyoosha mkono kupinga, kisha akatoa mchango wake kama wengine. Kibali kikapatikana. Ijumaa ya tarehe 21 Machi nilikwenda Morogoro peke yangu nikiwa na barua ya polisi ya kuisafirisha silaha, nikarudi nayo siku hiyo hiyo, ikaandikishwa hapa Ifakara. Kuhusu safari hiyo nitaeleza mbele. Kesho yake niliikabidhi kwenye mkutano mkuu mbele ya mgeni kutoka wilayani. Nilisoma cheti kwa sauti. Watu walipiga makofi, na yule mgeni alisema angependa vyama vingine vije kujifunza kwetu namna ya kuandika ripoti. Evod aliipokea bunduki kwa mikono miwili.

Kwa karibu mwezi mzima haikufyatuliwa. Risasi zilikuwa chache, na kila moja ilipaswa kutolewa maelezo. Jumatano ya tarehe 16 Aprili, saa moja na nusu asubuhi, Balbina alikuwa shambani kwake akifukuza ndege. Aliona kundi la nguruwe likitoka kwenye matete na kuingia mpungani. Akamwona Evod, hatua kama mia mbili kutoka alipo, akipiga goti moja na kuinua bunduki. Lakini hakufyatua. Alikaa vile muda mrefu, akaishusha, akaitazama, akaiinua tena. Balbina alimpigia kelele, “We Evod, unawapiga risasi au unawapiga picha?” Ndipo ulipokuja mlio. Anasema haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa kama tairi la lori kupasuka. Nguruwe walikimbia. Evod alibaki amepiga goti vile vile, mikono imefunika uso.

Moto wa risasi ulikuwa umerudi nyuma. Vijana walimpakia kwenye bodaboda, mmoja akimshika kwa nyuma, wakamfikisha hospitali. Jicho la kulia lilitolewa siku ya pili. Hayo unayajua, kwa sababu ulikuja ukakaa naye wiki tatu, ukalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka. Jambo ambalo huenda hulijui ni kwamba mwanzoni mwa mwezi huu jicho la kushoto lilianza kuwasha na kuona ukungu. Daktari amesema jicho moja likiumia namna ile, la pili linaweza kulifuata, na kwamba anatakiwa kwenda kwa bingwa Dar es Salaam bila kuchelewa. Evod alinikataza nisikwambie. Nakwambia.

Chama kina fungu la kumtibu mtu aliyeumia kazini. Masharti yake yanasema halitatumika ikiwa ameumia kwa uzembe wake. Kwa hiyo tarehe 10 Mei ilifanyika kamati ya uchunguzi, nami nikawa katibu wake. Karakana ya Morogoro ilileta barua. Ilisema kwamba silaha ilijaribiwa kwa risasi tatu kabla ya kukabidhiwa, kama cheti kilichotiwa sahihi na mwakilishi wetu kinavyoonyesha. Kwa hiyo kilichotokea baadaye kimesababishwa na mtumiaji, yamkini aliruhusu matope kuingia mtutuni. Evod alikuwepo, bendeji ikiwa bado kichwani. Aliulizwa kama ana la kusema. Alisema hana.

Limbu alikuwa amekuja kutoka Mkula kwa baiskeli, hakuitwa na mtu. Alikaa nyuma, kisha akanyoosha mkono. Alisema matope hupasua mtutu, na mtutu wa bunduki hii, kama alivyoambiwa na waliouona, ni mzima. Kilichoachia ni komeo, yaani kile chuma cha nyuma kinachoifungia risasi. Komeo la zamani na mtutu mpya, alisema, ni kama mume na mke wa kuletewa: usipowalaza nyumba moja hujui kama wataelewana. Watu walicheka kidogo. Kisha akauliza: bunduki hii, kabla ya huyu kijana, nani aliweka shavu?

Nilisimama nikaeleza kwamba muulizaji si mwanachama wa chama, kwa hiyo swali lake haliwezi kuingia katika kumbukumbu. Mwenyekiti alikubaliana nami. Limbu aliketi. Evod alinitazama kwa jicho lake moja, kisha akatazama sakafu.

Taarifa ya mwisho niliiandika mimi. Ina sentensi hii: “Ajali ilitokana na uzembe wa mtumiaji katika kuitunza silaha.” Kwa sentensi hiyo Evod alifutiwa kibali, akaachishwa kazi, na fungu la matibabu likafungwa. Kule kwenye mashine ya kukoboa vijana wamempa jina. Akipita wanasema, “Oya, Matope, pita huku kukavu.” Yeye anapita.

Sasa nakuja kwenye barua yako. Umeniandikia ukiniomba radhi. Umesema unaona haya kwa sababu mwanao amenitia aibu mbele ya chama nilichokijenga, baada ya mimi kumlea tangu marehemu baba yake alipofariki. Umesema umemwandikia na yeye, umemwagiza aje kwangu apige magoti aombe msamaha kwa uzembe wake. Niliisoma barua hiyo mara tatu. Barua zako zote ninazitunza kwenye faili, lakini hii sikuweza kuifungia humo. Imekaa mezani wiki nzima.

Dorotea, bunduki ile haikujaribiwa.

Nilifika Morogoro saa nne na nusu. Fundi alinionyesha bunduki, ilikuwa inang'aa. Nilimwambia nimekuja kushuhudia majaribio. Alisema uwanja wa shabaha uko nje ya mji, siku hiyo una zamu ya wengine, nisubiri mpaka kesho saa tatu, atanipeleka mwenyewe. Alinitafutia hata nyumba ya wageni ya bei nafuu. Hilo lazima niliseme: fundi hakunilazimisha. Alisema nisubiri. Lakini kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mkutano mkuu, na mgeni wa wilayani alikuwa anakuja, na katika ratiba jina langu lilikuwa la tatu: katibu kusoma ripoti na kukabidhi silaha. Basi la mwisho la kunifikisha mapema lilikuwa linaondoka saa saba. Nilimwuliza kama hatuwezi kukamilisha karatasi. Alinitazama kidogo, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia yeye ni fundi mwenye leseni na mimi nimemwamini.

Cheti kimeandikwa hivi: “Nimeshuhudia silaha hii ikifyatuliwa mara tatu mbele yangu bila hitilafu.” Chini yake kuna jina langu, cheo changu, na sahihi yangu. Kwa miaka thelathini na nane niliwachapa watoto wa watu kwa kuandika wasichokijua.

Usinielewe vibaya kuhusu uchaguzi wenyewe. Bunduki ya kukarabatiwa si kosa. Zipo zilizokarabatiwa vizuri, na wenyewe wanazeeka nazo. Haidari alikuwa sahihi kwa njia yake, na Limbu kwa njia yake, na hata mimi huenda ningekuwa sahihi kama ningelala Morogoro usiku mmoja. Kosa langu ni kuandika kwamba nimeona jambo ambalo sikuliona, na baadaye kumwandikia uzembe mtu ambaye sikujua kama ni mzembe. La pili ni baya kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa haraka. La pili nililifanya nikiwa nimekaa, na nililisahihisha mara mbili kabla ya kulipiga chapa.

Jana alasiri nilikwenda kwake kumwambia. Nilimkuta nje anashona gunia kwa kupapasa, uzi ukimponyoka. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama nilivyokueleza wewe. Aliendelea kushona mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, “Mjomba, hilo mbona najua.”

Alisema alijua tangu siku ya kwanza. Jioni ile ya makabidhiano aliisafisha bunduki kwa kitambaa cheupe, kama walivyofundishwa jeshini. Mtutu uliokwisha kupigwa, hata ukisafishwa namna gani, hutoa weusi. Kitambaa kilitoka na mafuta matupu, meupe. Alikuja kuniuliza kama bunduki imepigwa kweli. Anasema nilimjibu kwamba mtu aliyesoma husoma kwanza ndipo anauliza, nikampa cheti akasome. Nilipomsikia akisema hivyo nilikumbuka. Nilikuwa ninakunywa chai.

Nilimwuliza kwa nini basi aliifyatua. Alisema aliwaza kuifunga kwenye gogo aivute kwa kamba, siku ambayo watu hawapo. Lakini shamba halikosi watu, na mtu angeuliza kwa nini anaifunga bunduki yenye cheti, naye angejibu nini? Angesema mjomba wake ameandika uongo? Siku ile nguruwe walipotoka aliinua, akashusha, akaitazama. Balbina alipompigia kelele, alijisemea kwamba kama huko ilikotoka hakuna aliyeweka shavu, basi ataweka yeye, iishe.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza mbele ya kamati, wakati kinywa chake kingemwokoa. Aliona swali langu ni la ajabu. Alisema, “Wewe ndiye ulikuwa unaandika, Mjomba. Ningeanzaje?” Kisha akaniuliza kama ninaweza kumpitishia uzi kwenye sindano. Nilivaa miwani nikampitishia. Ilinichukua muda.

Haya ndiyo niliyoyafanya na nitakayoyafanya. Jana jioni, nilipotoka kwake, niliandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikatia sahihi. Leo asubuhi, kabla ya misa, nimempa Balbina nakala mkononi. Aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za kanisa. Alisema, “Mwalimu, hii fupi, lakini nimeielewa yote,” akaikunja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Kesho asubuhi nakwenda polisi na nakala ya pili. Ndani yake ninakiri kwamba cheti ni cha uongo, na ninaomba bunduki ipelekwe kwa mkaguzi wa silaha wa serikali, jambo ambalo halikufanyika kwa sababu cheti changu kiliwatosha wote. Jumanne kuna mkutano wa dharura wa chama. Nitasoma maelezo hayo, nitajiuzulu, na Balbina ataomba fungu la matibabu lifunguliwe siku hiyo hiyo. Haidari amesema wasipolifungua yeye atampeleka Evod Dar es Salaam kwa gari lake Alhamisi, na wao watabishana nyuma. Mimi sikumwomba. Alisikia kwa Balbina, akanipigia simu, akasema hayo tu, akakata.

Kwa upande wa sheria sijui watanichukulia hatua gani. Inawezekana wakanishtaki kwa kutoa maelezo ya uongo kuhusu silaha. Nina miaka sabini na mbili na ninao uwezo wa kusimama kizimbani. Ikiwa Febronia atafika huko mimi nimeshawekwa ndani, usije Ifakara kwa ajili yangu. Njoo kwa ajili ya Evod, umsindikize. Jicho lile la kushoto ndilo la kushughulikiwa, na daktari amesema siku zinahesabika. Ile barua uliyomwandikia kuhusu kupiga magoti ilimfikia. Imo kwenye mfuko wake wa shati, nimeiona. Ukifika umwambie mwenyewe kwamba umeifuta. Mimi nimemwambia, lakini neno langu kwa sasa halitoshi.

Wasalimie wote walioniulizia, hasa wale wazee wa kigango ambao kila mara hunitumia salamu. Wifi yako anakusalimu tena. Yeye nilimwambia usiku wa jana. Leo amenitengea chakula peke yangu.

Utakaponijibu, nakuomba usianze kwa kuniamkia. Tangu ulipojua kushika kalamu hujawahi kuniandikia bila shikamoo, nami sijawahi kujiuliza kama ninaistahili. Heshima hiyo hiyo mwanao alinipa, ikamgharimu jicho. Safari hii anza na lile unalotaka kuniambia, hata likiwa kali namna gani, nami nitalisoma hadi mwisho.

Ni mimi kaka yako,

Fulgensi